Muziki wa klasiki: chukua kipande kimoja, kaa nacho, halafu jaribu kukipiga mwenyewe

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila mada ya muziki wa klasiki ikiibuka, mambo huwa yale yale. Mtu anaomba aelekezwe aanzie wapi, wachangiaji wanamwaga majina: Bach, Mozart, Beethoven, Brahms, Mahler, simfoni hii, opera ile. Mwombaji anashukuru, anapakua kila kitu, anasikiliza siku mbili tatu, usingizi unamchukua, anarudi kwenye muziki wake na kuhitimisha kwamba klasiki ina wenyewe. Simlaumu hata kidogo. Ukimwagiwa makumi ya saa za muziki usio na maneno kwa mkupuo mmoja, zote zitakuwa sauti moja tu masikioni.

Ushauri wangu ni kinyume chake. Chukua kipande kimoja, tena kifupi. Kisikilize hadi uweze kukiimba kichwani redio ikiwa imezimwa. Halafu tafuta ala yoyote na ujaribu kukipiga mwenyewe, hata ukikipiga vibaya. Naomba nieleze kwa nini, maana najua wapo watakaosema nawatisha wageni.

Muziki huu umejengwa juu ya kumbukumbu ya msikilizaji. Wimbo wa kawaida una kiitikio, na kiitikio kinakufuata chenyewe baada ya kila ubeti. Sonata (kipande cha ala moja au mbili) au simfoni (kipande kirefu cha okestra) haikubembelezi hivyo. Katika sehemu ya kwanza ya simfoni nyingi za Haydn, Mozart na Beethoven, mtunzi anakuonyesha mada zake mwanzoni, kisha anazivunjavunja, anazipeleka kwenye funguo za mbali (yaani anahamisha do yake), anazigombanisha, halafu mwishoni anazirudisha zilikotoka. Utamu wake ni kuzitambua zinaporudi. Kama hukuzishika pale mwanzo, katikati utasikia vurugu tu, na zikirudi hutajua kama zimerudi.

Angalia Simfoni ya Tano ya Beethoven. Noti nne za mwanzo kila mtu anazijua, hata asiyejua ni za nani: tatu fupi, moja ndefu. Kwa solfa (do, re, mi kwa herufi zake za kwanza) ni m m m d, kisha r r r t. Wengi wanaishia hapo hapo. Sasa fanya kazi moja tu: zifuatilie hizo nne. Sehemu ya kwanza karibu yote imejengwa kwa mdundo wake. Sehemu ya tatu unausikia tena, safari hii baragumu za okestra ndizo zinaupiga kwa nguvu. Sehemu hiyo ya tatu haiishi. Inashuka hadi kuwa mnong'ono, ngoma zikigonga taratibu chini chini, kisha inapasukia ndani ya sehemu ya nne bila kusimama, na hapo ndipo trombone zinaingia kwa mara ya kwanza. Wapigaji wake walikuwa wamekaa kimya tangu mwanzo wa simfoni. Ukishalijua hilo, unaanza kuwasubiri.

Na kumbuka, waliokuwa ukumbini Vienna tarehe 22 Desemba 1808, simfoni hii ilipopigwa kwa mara ya kwanza, waliisikia mara moja, katika onyesho la saa nne hivi, ukumbi wenyewe baridi, okestra haijafanya mazoezi ya kutosha. Usiku huo huo ilipigwa Simfoni ya Sita, konseti ya nne ya piano (piano mbele, okestra ikiisindikiza) na vitu vingine. Kwenye kipande cha mwisho wapigaji walipotezana ikabidi waanze upya. Sisi tuna kitufe cha kurudia. Tukitumie.

Sasa kipande cha kuanzia. Mimi huwapeleka watu kwenye Preludi (kipande kifupi cha utangulizi) ya C meja ya Bach, ile inayofungua kitabu cha kwanza cha *Das Wohltemperierte Klavier* cha mwaka 1722. Ukiitafuta tumia namba yake, BWV 846, hutapotea. Ina baa 35, dakika mbili na ushee. Baa ni kile kichumba kati ya mistari miwili ya wima kwenye karatasi ya muziki.

Haina melodi. Yaani hakuna mstari wa kuimba. Kila baa ni kodi moja (kodi ni noti kadhaa zinazokwenda pamoja) inayopigwa noti baada ya noti: tano zinapanda, tatu za juu zinarudiwa, kisha kitu kizima kinarudiwa tena. Wenye solfa, baa ya kwanza ni d m s d m, s d m. Ya pili: d r l r f, l r f. Ya tatu besi inashuka hatua moja hadi ti ya chini: t r s r f. Ya nne umerudi nyumbani, d m s d m. Baa nne tu na tayari umetoka, umeingiwa na wasiwasi kidogo, umerudi, na besi imesogea hatua moja tu chini na kupanda tena.

Mara ya kwanza utasikia maji yanatiririka, basi. Ukirudia, sikiliza besi peke yake, noti ya kwanza ya kila baa. Utaona inashuka kidogo kidogo. Baa ya 22 na 23 kodi zinakunjana kabisa, kama huna habari utadhani mpigaji amekosea. Baa ya 24 besi inafika kwenye sol na kugoma hapo. Baa nane nzima haiondoki! Juu yake kodi zinabadilika na sikio linadai do, Bach anakataa kuitoa. Baa ya 32 anaitoa do ya besi, lakini juu ameweka sauti inayozuia utulivu. Unapewa utulivu kamili kwenye baa ya 35, ambayo ni kodi moja tu na ndiyo mwisho.

Sasa kaa kwenye kinanda, chochote. Piga baa mbili za kwanza. Baa ya pili utaona vidole viwili vya mkono wa kushoto vimebanana, do na re, jirani kabisa. Ule wasiwasi uliousikia sasa uko mkononi mwako. Ukirudi kusikiliza rekodi baada ya hapo, husikii kitu kile kile tena, na hili maelezo ya maandishi hayawezi kukupa hata nikijaza kurasa kumi.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia. Ukishakizoea kipande, kisikilize kwa wapigaji wawili tofauti. Mfano mzuri kuliko yote ni mpiga piano Glenn Gould na *Goldberg Variations* za Bach (zilichapishwa 1741: aria moja, mageuzo 30, kisha aria inarudi). Gould alizirekodi mwaka 1955 akiwa kijana wa miaka 22, akaziendesha mbio, dakika kama 38. Akazirekodi tena 1981, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, dakika kama 51. Sikiliza aria tu, ile ya kwanza, kutoka rekodi zote mbili. Noti ni zile zile, karatasi ni ile ile, mtu ni yule yule. Ile ya 1981 inakwenda taratibu mno, kila noti kama inafikiriwa kwanza. Wapo wanaoapa kwa ya kwanza, mimi naapa kwa ya pili. Na ndiyo, hizo sauti za mtu anayeimba kwa nyuma ni Gould mwenyewe, hakuweza kujizuia.

Karibuni.

#2

Uzi una madini, mkuu. Ila ukweli usemwe: mimi nimejaribu zaidi ya mara moja. Nawasha kwenye gari, mara sisikii kitu, naongeza sauti, mara okestra nzima inanilipukia usoni. Muziki gani huo?

#3 Mleta uzi

Mkuu, tatizo si wewe wala si muziki, ni gari. Nyimbo nyingi za redioni zimebanwa kiufundi, sehemu ya chini na ya juu zinakaribia kulingana, ndiyo maana zinasikika hata kwenye kelele. Rekodi za klasiki haziguswi sana. Tofauti kati ya fidla moja inayonong'ona na okestra ya watu themanini imeachwa kama ilivyo. Kelele ya injini inameza nusu ya chini.

Tafuta chumba kimya au hedifoni za kuziba masikio. Kama ni lazima iwe garini, weka piano peke yake au hapsikodi (kinanda cha zamani). Kupanda na kushuka kwa sauti yake si kwa kutisha.

Na wakati mwingine mlipuko ni wa makusudi. Haydn, Simfoni namba 94, sehemu ya pili: melodi ya kitoto, taratibu, inarudiwa kwa sauti ya chini zaidi, halafu okestra nzima inapiga kodi moja kwa nguvu zote. Aliitunga kwa ajili ya watu wa London, onyesho la kwanza likawa 1792. Alijua anachokifanya.

#4

Mimi nampigia mtoto wangu Mozart tangu akiwa tumboni ili akili ichangamke. Naona mnaongelea Bach tu.

#5

#4, endelea kumpigia kama anafurahi, muziki haumdhuru. Ila hilo la akili lilikuzwa kuliko lilivyokuwa. Utafiti wenyewe ulitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1993. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo, hakukuwa na mtoto mchanga hata mmoja. Walisikiliza sonata ya Mozart ya piano mbili, K. 448, wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya kukunja karatasi na kutambua maumbo, na athari yenyewe haikuvuka robo saa. Waliojaribu kurudia baadaye wengi hawakupata kitu cha maana. Biashara ya kaseti za watoto ilikuja kujijenga juu ya hapo.

K. 448 yenyewe lakini ni tamu. Isikilize wewe mzazi.

#6

Mleta uzi umenigusa hapo kwenye solfa. Mimi ni mtu wa kwaya, nasoma solfa kama gazeti, lakini ile mistari mitano ikiwekwa mbele yangu naona mchwa. Nimekuwa nikiambiwa solfa ni ya wasiojua muziki na natakiwa nianze upya. Kweli?

#7

#6, aliyekuambia hivyo amekuonea. Nimefundisha piano muda mrefu, na wanafunzi waliotoka kwenye solfa wana kitu ambacho wenzao wanakitafuta kwa jasho: sikio. Solfa ya herufi ilianzishwa na mwalimu wa Kiingereza aitwaye Sarah Glover, John Curwen akaikamilisha na kuisambaza karne ya 19, na kazi yake ilikuwa hiyo hasa, kumfanya mtu asikie noti kabla hajaiimba. Wewe ukiona s unajua inataka kwenda wapi. Mwanafunzi wa mistari mitano mara nyingi anajua kibonyezo kilipo, lakini hajui kitalia vipi hadi akibonyeze.

Huanzi upya, unahamisha tu. Kwenye C meja, do ni C. Iko kwenye kimstari kidogo cha ziada chini ya mistari mitano ya mkono wa kulia. Mi imekaa juu ya mstari wa kwanza kutoka chini, sol mstari wa pili, ti mstari wa tatu. Re, fa na la zinakaa kwenye nafasi zilizobaki katikati. Anza na hapo. Chukua wimbo unaoujua kwa solfa, uandike mwenyewe kwenye mistari mitano kwa penseli. Kuandika kunafundisha haraka kuliko kusoma.

Utakwama kwenye kitu kimoja tu: solfa haijali wimbo uko ufunguo gani, do ni do popote. Mistari mitano inajali. Hapo ndipo alama za kupandisha na kushusha zinaingia, na zinahitaji uvumilivu. Usizirukie mapema.

#8

Nina kinanda kidogo cha vibonyezo 61, ni vyepesi kama vya kuchezea. Kila ninapouliza naambiwa bila vibonyezo 88 vizito nisijisumbue. Nisubiri hadi nipate hela?

#9 Mleta uzi

Usisubiri. Kinanda cha vibonyezo 61 kwa kawaida kina oktavu tano (oktavu ni kutoka do hadi do inayofuata). Kitabu kizima cha 1722 nilichokitaja, preludi 24 na fuga 24 (fuga ni kipande ambamo sauti zinafuatana kwa mada moja), kiko ndani ya oktavu nne. Bach hakuwa na vibonyezo 88. Piano ilikuwa imebuniwa Italia na Bartolomeo Cristofori karibu na mwaka 1700 na bado ilikuwa kitu kigeni. Alizoea hapsikodi, klavikodi na ogani. Hapsikodi inakwanyua waya kwa kijino. Ubonyeze kwa nguvu au polepole, sauti inatoka ile ile. Kwa hiyo hata kinanda kisichojali nguvu ya kidole kinaweza kukufundisha Bach vizuri tu.

Kitakachokukwamisha ni Chopin na wenzake. Wao waliandikia piano yenye nyundo, ambako uzito wa kidole ndio unaoamua kama noti italia, itanong'ona au itapasuka. Chukua preludi yake namba 4, E maina, katika Opus 28 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Mkono wa kulia unang'ang'ania noti mbili jirani, ndefu, kama haujui uende wapi. Mkono wa kushoto unapiga kodi zinazozama nusu hatua kwa nusu hatua. Kwa vibonyezo vyepesi kodi zile zitatoka zote sawa, kama mtu anagonga mlango. Zinatakiwa ziwe chini ya mkono wa kulia, na kila moja tofauti kidogo na iliyotangulia. Hapo ndipo utakapohitaji kinanda kizito, na utalijua hilo mwenyewe bila kuambiwa.

#10

Nampinga mleta uzi kidogo, kwa heshima. "Ala yoyote" si kweli. Mimi napiga fidla. Kinanda ukibonyeza C inatoka C, hata mbuzi akikanyaga itatoka C. Fidla haina alama yoyote ya kukuonyesha kidole kikae wapi. Kidole kikisogea unene wa karatasi noti imeharibika. Na hapo hatujafika kwenye upinde, ambao ndio kazi yenyewe. Anayeanza atakaa muda mrefu akivuta upinde kwenye nyuzi nne tupu, G D A E, akitafuta tu sauti isiyokwaruza. Ukimwambia aanze na kipande anachokipenda atakichukia kipande, na fidla ataichukia pia.

Ushauri wangu kwa wa fidla: sikiliza kipande kikubwa, piga kitu kidogo. Sikiliza *Misimu Minne* ya Vivaldi, iliyochapishwa Amsterdam mwaka 1725. Kila msimu umewekewa shairi, na muziki unalifuata. Kwenye sehemu ya pili ya Majira ya Kuchipua, fidla ya mbele inaimba usingizi wa mchungaji, na viola imepewa kazi moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho: noti mbili nzito, tena na tena. Ni mbwa anabweka, Vivaldi mwenyewe kaandika hivyo. Mwanafunzi wa upinde akisikia zile noti mbili anajua ni upinde wa aina gani. Mfupi, mzito, karibu na mkono. Akafanye hivyo hivyo kwenye uzi mtupu. Huyo tayari amepiga Vivaldi.

#11 Mleta uzi

#10 nimekubali, marekebisho yapokelewe. Wa fidla, viola na chelo wasinifuate mimi, wamfuate huyu.

#12

Muziki wa wakoloni huo. Tuna vyetu.

#13

Vyetu tunavyo na tunavisikiliza, mkuu, hakuna aliyekuzuia. Ila usiwape wao peke yao kitu ambacho watu weusi walikuwa ndani yake tangu zamani. Joseph Bologne, anayejulikana kama Chevalier de Saint-Georges, alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mama yake akiwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Akaja kuwa mmoja wa wapigaji fidla hodari wa Paris, mtunzi, kiongozi wa okestra, na bingwa wa kupigana kwa upanga juu yake. Konseti zake za fidla zipo, zimerekodiwa.

Halafu kuna George Bridgetower, baba yake mwenye asili ya Afrika. Tarehe 24 Mei 1803 alisimama Vienna na fidla, Beethoven mwenyewe kwenye piano, wakapiga sonata mpya ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Beethoven alikuwa ameiandika kwa ajili yake. Baadaye wakakosana, jina likafutwa, sonata ikaenda kwa Mfaransa Rodolphe Kreutzer na mpaka kesho inaitwa Sonata ya Kreutzer. Ukiisikiliza, mwanzo ni fidla peke yake, kodi nzito, bila piano kabisa. Huo mlango ulifunguliwa kwa mkono wa Bridgetower. Kuanzia hapo jina la Kreutzer mimi siliiti tena.

#14

Nina umri wa kutosha, vidole vimeshakomaa kwa kazi. Naogopa nimechelewa. Na swali la pili: nikikaa kwenye kinanda najikuta narudia mwanzo wa kipande kila siku, mwanzo naujua vizuri sana, mwisho siujui kabisa.

#15 *(yule mwalimu wa #7)*

Kuhusu umri nitakuwa mkweli: jukwaa la kimataifa sahau. Mengine yote yanawezekana. Mtu mzima anaelewa muundo wa kipande haraka kuliko mtoto, anachopungukiwa ni wepesi wa vidole, na vipande vizuri visivyodai wepesi ni vingi.

Swali la pili ndilo tatizo la karibu kila anayejifundisha. Unakosea baa ya tisa, unarudi baa ya kwanza, unapiga nane unazozijua, unakosea tena ya tisa. Umefanya mazoezi ya baa nane ambazo hazikuhitaji mazoezi, na umekizoesha kidole kukosea ya tisa.

Fanya hivi. Fungua mwisho. Chukua baa mbili za mwisho, mkono mmoja, taratibu kiasi kwamba huwezi kukosea. Taratibu kweli, ukihisi unajidhalilisha, hapo hapo ndiyo kasi yake. Kisha mkono wa pili peke yake. Kisha yote miwili, kasi ile ile ya kobe. Kesho ongeza baa mbili zilizo kabla yake na umalizie na zile za jana. Kwa njia hii kila siku unatoka usikokujua kwenda unakokujua, badala ya kutoka unakokujua kwenda kwenye giza. Moyo unakwenda tofauti kabisa.

Namba za vidole zifuate. Kwenye karatasi, 1 ni gumba na 5 ni kidole kidogo, mikono yote miwili. Ukiamua kidole cha 3 kinapiga noti fulani, kiandike kwa penseli na usikibadilishe kesho. Wanafunzi wengi wanaodhani wana kichwa kigumu, shida yao ni kwamba leo wametumia cha 2 na jana walitumia cha 4, kwa hiyo mkono haujawahi kurudia kitu kile kile hata mara moja.

Pale mkono unapoanza kuuma acha. Uchovu ni sawa, maumivu hapana.

Karatasi za muziki za watunzi waliokufa zamani zinapatikana bure IMSLP, maktaba ya intaneti iliyoanza 2006. Angalia tu toleo: mengine yamejazwa alama za kasi na nguvu ambazo mtunzi hakuziandika. Ukiona neno Urtext kwenye jalada, mhariri amejitahidi kukupa alichoandika mtunzi na kukaa pembeni.

#16

Nje ya mada kidogo: nilialikwa kwenye okestra, sehemu ya kwanza ikaisha nikapiga makofi peke yangu. Watu waligeuka kama nimevunja kioo.

#17 Mleta uzi

😂 Pole. Siku hizi desturi ni kusubiri sehemu zote ziishe. Angalia kiongozi, akishusha mikono na kuwageukia, piga. Lakini usione haya, maana hiyo ni desturi ya juzi tu. Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris Julai 1778, akijisifu kwamba alijua kipande fulani katikati ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake kitawapendeza, na kweli watu wakapiga makofi muziki ukiendelea. Alifurahi mno, akasema alikwenda kununua aiskrimu. Na Simfoni ya Sita ya Tchaikovsky, ya 1893, hadi leo inawanasa hata wazoefu: sehemu ya tatu inaishia kwa kishindo kama ndio mwisho, ukumbi unalipuka makofi, kumbe imebaki sehemu ya nne, ya majonzi.

#18

Nimerudi, ni yule wa vibonyezo 61. Baa nne za preludi zinatoka. Maswali mawili. Kila rekodi ina kasi yake, ipi ndiyo sahihi? Na je, ninunue pedali?

#19 *(mwalimu)*

Kasi: Bach hakuandika yoyote kwenye preludi hiyo. Na mashine ya metronomu, ile inayogonga mapigo ya kasi, ilisajiliwa na Maelzel mwaka 1815, Bach akiwa ameshafariki miaka 65. Kwa hiyo hakuna wa kukukamata. Kigezo changu ni baa ya 23: kasi yoyote ambayo kwayo unaisikia ile kodi ilivyokunjamana, kabla haijapita, inatosha. Ukiipita bila kuisikia, umekwenda mbio.

Pedali bado. Kwenye karatasi ya kipande hiki noti mbili za mkono wa kushoto zimeandikwa zishikiliwe, kwa hiyo vidole vyenyewe vinafanya kazi ya pedali. Zibonyeze na usiziachie hadi nusu ya baa iishe. Wanaoanza wengi wanaziachia mapema, kisha wanatafuta pedali ya kufunika pengo. Shikilia kwanza.

#20

Nimejaribu kushikilia. Inasikika tofauti kabisa, nilikuwa nakata noti. Baada ya hii nipige nini?

#21 *(mwalimu)*

Maliza kwanza zote 35, usiniletee nne. Halafu ile Minueti ya G meja kutoka daftari la Anna Magdalena Bach, mke wa Bach, la 1725, ambayo wengi wanadhani ni ya Bach. Imeshajulikana ni ya Christian Petzold. Pale mikono inafanya kazi mbili tofauti, wa kushoto hausindikizi tu, unaimba wake. Ukiiweza hiyo, fungua Opus 68 ya Schumann, vipande alivyoandikia vijana mwaka 1848, uchague chochote nusu ya kwanza ya kitabu. Kama unataka masikio yasutwe kidogo, *Mikrokosmos* ya Bartók: vipande 153 katika vitabu sita, vinaanza na mtu asiyejua kitu na kuishia kwenye vitu vya jukwaani. Anza kitabu cha kwanza namba moja, ingawa utaona ni rahisi mno. Hapo mikono yote miwili inapiga melodi moja, na mkono wako wa kushoto, kwa jinsi ulivyoelezea, unahitaji hilo.